Tupime sufuria kama tunavyopima shaba

Katika depo za Haut-Katanga na Lualaba zinazonunua madini ya wachimbaji wadogo, bei ya gunia hukatwa baada ya kusomwa na Metorex, kile kimashine cha mkononi kinachopiga miale kwenye jiwe na kutaja, kwa muda mfupi, kiasi cha shaba na kobalti kilichomo. Mashine ya aina hiyo husoma risasi vilevile. Lakini sufuria za alumini zinazoyeyushwa na kumiminwa na mafundi wetu, ambazo familia nyingi za Lubumbashi hupikia bukari na sombe, hufika sokoni bila mtu kujua zimechanganyika na nini. Mji uliojifunza kupima jiwe kwa sababu ya fedha unaweza kupima sufuria kwa sababu ya watoto, na unaweza kufanya hivyo bila kumwondoa fundi hata mmoja kazini.

Alumini yenyewe sina ugomvi nayo. Ni kama asilimia 8 ya ganda la dunia, ila imeng'ang'aniwa na oksijeni kiasi kwamba ilikuwa ghali mno hadi mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja kwa upande wake, namna ya kuitenganisha kwa umeme. Hadi leo kilo moja inayotokana na boksiti hula umeme wa kilowati-saa 13 hadi 15. Kuyeyusha iliyokwisha kutumika huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati hiyo, kwa kuwa oksijeni imekwisha kuondolewa, nayo inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la makaa yanayopulizwa hulifikia. Shaba hutaka nyuzi 1,085. Ndiyo maana Kongo, isiyo na kiwanda cha kuzalisha alumini, ina mafundi wanaoimimina kwenye kalibu za mchanga na kutoa chombo kizito, cha kudumu, kwa bei ambayo mama wa nyumbani anaiweza. Kazi hiyo inastahili heshima.

Tatizo huingia pamoja na vyuma chakavu. Makopo ya vinywaji, nyaya na fremu za madirisha kwa kawaida ni alumini safi kiasi; vipande vya injini, rejeta na mabaki ya vyombo vya elektroniki huweza kubeba risasi. Vyote vikitupwa pamoja tanurini, moto hausafishi kitu: risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 na kuchemka kwenye nyuzi zaidi ya 1,700, kwa hiyo hubaki ndani na kuwa sehemu ya sufuria. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vyombo 42 kutoka nchi kumi, zikiwemo Kenya na Tanzania. Walivichemshia tindikali hafifu, mfano wa mchuzi mchachu, na kama thuluthi moja vilitoa risasi ya kutia wasiwasi. Jikoni kwetu nyanya na ndimu hufanya kazi ya tindikali hiyo. Bikarbonati ambayo wapishi wengine hutia kwenye sombe ili ilainike, na majivu ya kusugulia, navyo hula ule utando mwembamba unaoikinga alumini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Wapo watakaosema kwamba hapa tunavuta vumbi la migodi kila siku, sufuria itaongeza nini? Ni kweli kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowashirikisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ulikuta kobalti, risasi na kadmiamu kwa wingi katika mkojo wa watu waishio karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Lakini mwili uliokwisha kubebeshwa hauna nafasi ya mzigo mwingine. Tena vumbi la kiwanda mama hawezi kulizuia. Sufuria anaweza kuichagua, mradi aambiwe ukweli. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuwataka mafundi watumie nyaya safi kutachochea wizi wa nyaya za umeme. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo sababu upimaji uanzie kwa muuza vyuma chakavu na uambatane na hati ya mzigo umetoka wapi. Yeye ndiye anayechanganya kabla fundi hajawasha moto, na makopo na mabaki ya fremu hayahitaji kuibwa.

Wachimbaji wadogo wamelalamika mara nyingi kwamba Metorex huchezewa na wanunuzi, kwa hiyo mashine ya sufuria isishikwe na anayeuza wala anayenunua. Ishikwe na Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, pamoja na wanakemia wa chuo kikuu, siku moja kwa juma, bure kwa fundi, kwanza kwenye marundo ya vyuma chakavu kisha kwenye sufuria zilizokwisha kumiminwa. Fundi ambaye mzigo wake ni safi apewe muhuri wa kugonga chini ya chombo, na rundo lenye risasi lipelekwe kwenye kazi nyingine: vitasa, vibao, miguu ya viti, chochote kisichopikiwa chakula.