Mcheza Kwao Hutunzwa, Ila Akinyamaza

Mcheza kwao hutunzwa, tunasema, na kutoka Awendo hadi Homa Bay hakuna harusi wala matanga ambapo mpiga muziki wa ohangla anakosa kutuzwa noti. Lakini akithubutu kutua ngoma akataja madeni ya wakulima wa miwa, au wasichana wanaokeketwa kule Kuria, sherehe inageuka kesi. Ataambiwa anatafuta kiki, arudi jukwaani, siasa awaachie wenyewe. Mwanamitindo naye huambiwa vibaya zaidi: kazi yake ni kuonekana, si kusikika. Wimbo huo umeimbwa tena na tena, na mimi nimeuchoka. Anayeigiza, anayevaa mavazi mbele ya kamera na anayetetea haki, akiwa mtu mmoja, hajavamia kazi za watu watatu. Anafanya kazi moja, na anaifanya kikamilifu kuliko wanaomkemea.

Tazama Lupita Nyong'o, ambaye huku Nyanza kila mtu humwita binamu. Wanaodai utetezi ni pambo la umaarufu wapange miaka vizuri. Alipanda jukwaani Nairobi akiwa na umri wa miaka 14, akiigiza Juliet na kundi la Phoenix Players. Mwaka 2009, kabla dunia haijamjua, alitoa In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu Wakenya wenye ualbino, wakati ambapo ng'ambo ya mpaka wetu wa Isebania watu hao walikuwa wakiuawa kwa sababu ya viungo vyao. Oscar ilikuja 2014, na mwaka huo huo Lancôme wakamfanya sura ya vipodozi vyao. Kiki, kama ni kiki, basi ilichelewa miaka 5. Na Oscar ikiwa tayari mkononi, mwaka 2015 alirudi kwenye ukumbi wa tamthilia New York kuigiza Eclipsed, kazi ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Mwaka uliofuata mchezo huo ukafika Broadway. Anayetafuta sifa za haraka haendi kujifungia kila jioni katika kambi ya waasi.

Kazi zote tatu hutumia chombo kimoja, yaani mwili unaotazamwa. Anayeishi kwa kutazamwa ndiye wa kwanza kujua mtazamaji anapomkata vipande. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka kwenye jalada baada ya kumfuta sehemu ya nywele na kulainisha zilizobaki. Alilalamika hadharani, na jarida pamoja na mpiga picha wakaomba radhi. Profesa angeandika makala kumi kuhusu dharau kwa nywele za Mwafrika asipate hata barua ya majibu. Mwanamitindo alizungumza mara moja, kwa sababu kichwa kilichoguswa kilikuwa chake.

Kuna pingamizi lenye uzito. Lancôme ni mali ya L'Oréal, kampuni ambayo ilingoja hadi Juni 2020 ndipo ikaahidi kuondoa maneno ya kusifu weupe kwenye bidhaa zake. Unawezaje kula kwa meza hiyo na kuhubiri uzuri wa ngozi nyeusi? Mgongano upo, sitaufunika. Lakini uso wake mweusi ndani ya tangazo ni hoja iliyotundikwa dukani kwenyewe, pale anaposimama msichana mwenye hela ya kununua krimu ya kujichubua. Februari 2014, katika hafla ya jarida la Essence, Lupita alisimulia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu kama hiyo akaghairi baada ya kumwona yeye. Kilichomfikia msichana yule ni picha. Mahubiri yalifuata nyuma. Hata kitabu chake cha watoto cha 2019 kimebeba jina ambalo Awendo nzima inalielewa bila kamusi: Sulwe, nyota.

Pingamizi la pili ni kwamba yeye alikuwa na ngazi. Filamu ile ya 2009 ilipotoka, baba yake, Anyang' Nyong'o, alikuwa waziri, na yeye akaenda kusoma uigizaji Yale. Binti wa mkulima wa miwa atapandia wapi? Nakubali, na hapo ndipo wakosoaji wangejielekeza. Kwa mtoto huyo jukwaa la uhakika ni tamasha la drama la shule, ngazi kwa ngazi hadi taifa. Aprili 2025 tuliona tunavyolitunza. Wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuagiza waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wao, Cleophas Malala, alizuiwa kuwaona. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani, na nje polisi wakarusha vitoa machozi.

Kwa hiyo wanaosema sanaa ikae mbali na siasa wamepeleka barua kwa anwani isiyo yake. Serikali haitumi askari kulinda nchi dhidi ya burudani. Mcheza kwao hutunzwa, naam, na wasichana wa Butere walitunzwa moshi.