Mashauri ya Nyumbani: Ng'ombe Aliyezoea Kupiga Pembe



Mwezi huu tumeona vema kunena juu ya jambo liwahusulo wenye motokaa na wasio nayo pia, yaani habari ya mtu anywaye pombe kisha akashika usukani, na akiisha kuhukumiwa hurudia kosa lilelile.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria ya ng'ombe apigaye watu pembe. Ng'ombe akimwua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hahesabiwi hatia. Lakini ikiwa ng'ombe yule amezoea kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi damu ya aliyeuawa ni juu yake. Sisi wa Karagwe na Kyerwa, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, hatuhitaji mfasiri wa sheria hii. Kila mchungaji ajua ya kuwa ng'ombe wa namna hiyo hapelekwi njiani bila kamba.

Basi, dereva aliyekwisha kukamatwa kwa ulevi, akahukumiwa, ndiye mtu aliyeonywa. Je, kamba yake ni ipi?

Huko Marekani wametengeneza kamba ya namna yake. Ni chombo kidogo kifungwacho ndani ya motokaa na kuunganishwa na waya za kuwashia injini. Dereva hana budi kupuliza pumzi yake katika mrija kwanza. Chombo hupima kileo kilichomo katika pumzi; kikizidi kiasi kilichowekwa, injini haiwaki. Tena akiwa njiani huamriwa kupuliza mara kwa mara, asije akaanza safari akiwa mzima na kulewa katikati. Kila alipopuliza huandikwa ndani ya chombo, na wakuu huyasoma baadaye. Vingine vina kamera, kwa kuwa walikuwapo waliowaomba wenzao kuwapulizia.

Jimbo la California lilikuwa la kwanza kuweka sheria ya chombo hiki, mwaka 1986. Mwaka 2005 New Mexico ilikilazimisha kwa kila aliyehukumiwa, hata kama ni kosa lake la kwanza. Nchi nyingine hazikungoja kosa: Ufaransa, tangu mwaka 2015, imeamuru mabasi ya safari yawe nacho.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2011 wataalamu walikusanya tafiti 15, wakaona ya kuwa chombo kikiwa kimefungwa, kukamatwa tena kwa ulevi hupungua kwa kadiri ya theluthi mbili. Lakini waliona na neno la pili, lisilopendeza: chombo kikiisha kuondolewa, faida ile hupotea, na wengi hurudia mwendo wao wa kwanza. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Huenda ndugu mmoja atauliza, “Mtu akiisha kutubu na kulipa faini, kumtia kamba si kumhukumu mara mbili? Wapi msamaha wetu?” Swali hili ni jema, nasi hatulidharau. Lakini na tukumbuke sheria nyingine ya Musa, ile ya mtu ajengaye nyumba mpya: aliagizwa kuzungushia dari yake ukuta mfupi, mtu asije akaanguka. Ukuta ule haukuwa adhabu ya mwenye nyumba. Ulikuwa ulinzi wa jirani. Vivyo hivyo msamaha ni deni letu kwa mkosaji, na ulinzi ni deni letu kwa mtoto aendaye shule kando ya barabara. Hatuwezi kulipa deni moja kwa fedha ya lingine. Tena mtu aliyetubu kweli hatachukia ukuta, maana aujua udhaifu wake kuliko sisi.

Sasa tutazame kwetu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamkataza dereva wa motokaa yake mwenyewe kuzidi miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, na dereva wa gari la biashara haruhusiwi hata kidogo. Mwenye hatia hupata faini au kifungo, na mahakama yaweza kumnyima leseni. Lakini leseni ni karatasi. Aliyenyimwa karatasi, ufunguo bado u mfukoni mwake. Hapo ndipo tuonapo pengo ambalo chombo kile kingeliziba. Wala lisionekane neno geni: LATRA yadai mabasi ya safari yawe na chombo cha kufuatilia mwendo, na abiria wameshukuru. Ikiwa twakubali basi litoe ushuhuda juu ya mbio za dereva, kwa nini tukatae litoe ushuhuda juu ya pumzi yake? Kwa maoni yetu, yafaa kuanza na madereva wa abiria na wa watoto wa shule waliokwisha kupatikana na hatia.

Hata hivyo tusijidanganye. Chombo ni cha gharama, na vilivyo vingi vimefanywa kwa ajili ya motokaa, hali kwetu ni pikipiki zibebazo watu kutoka Omurushaka hata Nkwenda, Isingiro na Murongo. Na rubisi haiko mbali na njia: yakamuliwa kwa ndizi za shambani, yachanganywa na mtama, nayo huandaliwa arusini na msibani. Tena lami ya Kyaka hadi Bugene imeongeza mbio. Kwa hiyo kamba ya kwanza yapasa kufungwa nyumbani.

Twatoa mashauri matatu. Kwanza, mwenye karamu na aweke mzee mmoja mlangoni asiyekunywa, apokee funguo za motokaa na pikipiki kabla kibuyu hakijapita, wala asizirudishe mpaka asubuhi. Pili, mama na watoto wasiogope kukataa kupanda. Mke akatae kwa adabu, na wazee wa kanisa wamtetee, asije akapigwa kwa ajili ya neno la haki. Tatu, walimu wawafundishe vijana ya kuwa maji baridi, kahawa na usingizi mfupi havimwondolei mtu kileo. Ni saa nyingi tu ziwezazo.

Makanisa yetu hayana neno moja juu ya pombe. Wengine hawaionji kabisa, wengine hunywa kwa kiasi. Juu ya usukani hapana mabishano.

Na lile neno la pili tulilosema tulishike: chombo hufunga motokaa, hakifungi tamaa. Siku kitakapofunguliwa, mtu yule atabaki na moyo wake na jamaa zake. Ikiwa miezi ile yote hapana aliyemtembelea, wala aliyesali naye, wala aliyemtafutia kikao kisicho na kibuyu, ng'ombe atarudi njiani. Serikali yaweza kutoa kamba. Kumtembelea ndugu ni kazi yetu.

Bwana awalinde ninyi na njia zenu.