Ukwasi wa Daftarini

Wataalamu wa fedha wamelichukua neno “ukwasi”, ambalo kwa asili ni utajiri, wakalipa maana ya fedha zilizo tayari kutumika. Kwangu mimi ninayefundisha isimu, uteuzi huo una kasoro, kwani unachanganya mambo mawili ambayo mwenye duka mjini Garissa hana budi kuyatenganisha. Kisomali nacho kina neno “xoolo”, lenye maana ya mifugo na ya mali pia. Mfugaji mwenye ngamia 20 ni tajiri. Hata hivyo, hawezi kulipia kilo mbili za sukari kwa mguu wa ngamia aliye hai.

Ndiyo maana duka humkopesha hadi auze mnyama sokoni. Tuseme mwenye duka amenunua bidhaa za Sh100,000, akazikopesha kwa Sh110,000 zitakazolipwa baada ya wiki 12. Jirani yake auzaye kwa fedha taslimu huambulia Sh3,000 tu kwa mtaji kama huo, lakini huuzungusha kila wiki mbili. Muda ule ule ukiisha, jirani amechuma Sh18,000, ilhali Sh10,000 za mwenzake zingali daftarini. Ukaja ukame, kama ule wa kati ya 2020 na 2023, mifugo hufa, iliyosalia hukonda, bei huporomoka, na daftari hujaa faida huku rafu zikiwa tupu. Wala kukataa kukopesha si dawa, maana asiyemwamini mfugaji atamuuzia nani?

Benki za riba Waislamu wengi huziepuka, na zile za Kiislamu zilianza kazi nchini mwaka 2008 tu. Kwa hiyo wengi hutegemea fedha za jamaa walio ng’ambo, zipitazo kwa hawala. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, hadi Juni. Nikiwa mwalimu, uchungu wa msiba ule naujua, na haja ya kuwasaka wafadhili wa mauaji siipingi. Lakini mchuuzi asiye na hatia alizibiwa kisima kimoja na mhalifu.

Walimu wa somo la biashara, mnapofundisha hesabu ya faida, waulizeni wanafunzi swali moja zaidi: fedha hizo zitafika mkononi lini?