Video za nchi ya chai: Anayepigwa picha hana fungu

Sisi wa Pwani chai ya Kericho na Bomet huijua ikiwa mifukoni, inaposhushwa kwenye maghala ya Mombasa kusubiri mnada. Siku hizi kuna bidhaa nyingine inayotoka huko na haipiti kwetu: video.

Nimezifuatilia kwa muda kurasa za Kikalenjin za Facebook na YouTube, na hawa si vijana wanaojifurahisha na simu tena. Mtu huanza kwa kurekodi mazishi na harambee. Akipata wafuasi, anatafuta mpiga picha wa pili, mhariri, droni, na mara anasajili kampuni. Hadhira aliikuta tayari. Redio kama Kass na Chamgei zilishawazoesha watu kusikia mambo yao kwa lugha yao, na habari za Litein au Silibwet zilikuwa haziingii kwenye taarifa ya saa moja usiku mpaka pazuke vurugu. Kisha kuna walioko Marekani, wanaotaka kuona nyumbani, na tangazo linaloonyeshwa kwao hulipiwa zaidi kuliko linaloonyeshwa Bomet.

Machi 2024 Nick Clegg wa Meta alikuja Ikulu ya Nairobi, ikatangazwa kwamba Wakenya wataanza kulipwa kwa video zao za Facebook na Instagram. Masharti yaliyotajwa: wafuasi 5,000 na dakika 60,000 za kutazamwa ndani ya siku 60. YouTube nayo humwachia mwenye video asilimia 55 ya pesa za matangazo, na kwa video fupi asilimia 45. KRA hukata asilimia 5 tangu Julai 2023. Mswada ulikuwa umependekeza 15.

Mkulima wa Kericho anaufahamu mpango huu vizuri sana. Anapeleka majani mabichi kituoni, yanapimwa, analipwa kidogo kila mwezi, halafu anangoja bonasi ambayo bei yake ilipangwa mbali naye. Mwenye ukurasa naye hupeleka video mbichi, na anayeipima ndiye huyo huyo anayeamua bei. Ndiyo maana kampuni hizi haziishi kwa YouTube pekee. Huuza matangazo kwa shule, maduka na sako, na pia kwa wanasiasa, wateja ambao hawaulizi bei. Tukielekea Agosti 2027, hilo si jambo dogo.

Lakini kuna mtu aliye chini kuliko hao wote: mchuma chai mwenyewe, aliye mbele ya kamera.

Februari 2023 BBC ilitoa filamu ambayo zaidi ya wanawake 70 walisema walinyanyaswa na wasimamizi wao, kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Hata mwandishi aliyeingia kazini kwa siri hakutajwa kwa jina lake halisi. Miezi mitatu baadaye mashine za kuchuma chai, ambazo wafanyakazi wanazilaumu kwa kuwanyang'anya kazi, zilichomwa moto Kericho, na video zikasambaa nchi nzima. Wa kwanza walikuwa na muda, mawakili na wahariri. Anayerekodi kwa simu kando ya barabara hana hata kimoja, ila ana haraka. Sura anayoirusha saa nne asubuhi, saa sita imeshaonwa na polisi na msimamizi wa shamba. Watazamaji wanamletea yeye pesa, na mwenye sura anaweza kupoteza kibarua.

Nasikia utetezi kwamba lilikuwa tukio la hadharani. Kwa habari ya dharura nakubali. Kwa mama anayehojiwa kuhusu mshahara wake, mgongoni ana kikapu chenye majani ya mwajiri, sikubali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa, na Septemba 2023 kamishna wa data aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini. Shule moja ilitozwa milioni 4.55 kwa picha za watoto. Baa ile ilikuwa inajitangaza tu. Kampuni ya video inauza picha yenyewe, na sijaona ukurasa hata mmoja wa huko unaoeleza mchuma chai afanye nini akitaka video yake iondolewe.