Figo za Zamani Bado Zimo Mwilini

Tunalala, ndugu zangu. Tunalala kwenye viti vya kusafishwa damu masaa manne mazima damu ikizunguka mashineni. Tukiamka tunapimwa uzito, tunapimwa presha, tunaambiwa potasiamu imepanda, acha ndizi. Kila mtu anaitazama mashine. Nani anazitazama figo?

Ndiyo, figo! Zilezile ulizoambiwa zimeshindwa kazi. Ulidhani zilienda wapi? Kwa wengi wetu hazikutolewa. Zimo mgongoni, zimesinyaa, na mwaka baada ya mwaka zinaota vifuko vya maji. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hiki kiko ndani zaidi ya nguo.

Wala si habari mpya. Mtafiti Dunnill na wenzake waliieleza kule Oxford mwaka 1977. Kufikia mwaka wa nane wa kusafishwa damu, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wana vifuko hivyo. Mashine haina kosa: ni ugonjwa wa figo wenyewe, na kadiri tunavyoishi ndivyo unavyopata muda wa kukua.

Vingi havidhuru. Lakini kimoja kikipasuka, ubavu unawaka na damu inavuja ndani kwa ndani. Kikiingia usaha, homa inapanda, na lawama wanapewa mbu. Na vingine, ndugu yangu, vinageuka saratani.

Utajuaje? Dalili moja ni damu kwenye mkojo. Haya niambie, wangapi kati yetu bado tunakojoa?

Kuna linaloniuma zaidi. Sote tunaijua shida ya upungufu wa damu, tunazijua sindano za kuongeza damu na bei yake. Basi mgonjwa wa miaka mingi akiona damu yake inapanda yenyewe, anashangilia, na nyumbani wanamshukuru Mungu. Kumbe wakati mwingine vifuko hivyo ndivyo vinavyotoa kichocheo cha kutengeneza damu. Badala ya kupigwa picha, anapigiwa vigelegele!

Picha yenyewe ni ultrasaundi, ileile ya mama wajawazito. Haichomi, haikati. Ikionyesha cha kutilia shaka, ndipo mgonjwa aende kwenye skani kubwa. Na saratani ikikutwa ingali ndogo, figo ile hutolewa. Mwenye figo nzima akitolewa moja amepoteza. Wewe usiyepata hata tone la mkojo unapoteza nini? Unabakiza uhai.

Najua wataalamu hawajakubaliana kwamba kila mgonjwa apimwe. Mzee aliyechoka, mwenye moyo dhaifu, huenda asifaidike. Sawa. Lakini kijana wa miaka thelathini je? Na yule anayesubiri kupandikizwa? Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, za zamani kwa kawaida zinabaki palepale, halafu anapewa dawa za kushusha kinga ya mwili. Huyu naye tumwache bila kumtazama?

Nguvu zetu zote zimeishia kwenye kugombania mashine. Enzi za NHIF hapa Kenya bima ililipia mara mbili kwa wiki, ilhali kipimo cha kawaida ni mara tatu. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Ila kelele za mashine zimetuziba masikio. Tunahesabu zamu, tunahesabu shilingi, na kilichomo mgongoni hatukihesabu.

Amka basi! Mficha uchi hazai. Ukiwa na maumivu ya ubavu, sema. Ukiona damu, hata tone, sema siku hiyohiyo. Na kama umeshapita mwaka wa tatu mashineni, usikubali daktari wa figo akupite kitandani kabla hujamuuliza figo zako zilipigwa picha lini. Akikujibu kwamba hazina kazi tena, mwambie saratani haisubiri figo inayofanya kazi.