BAHATI YA SHIRIKA

Si ajabu siku ya mshahara kuwaona wafanyakazi wakichanga fedha ili wanunue tikiti za bahati nasibu kwa shirika. Yafaa jambo hili lipimwe pande zote mbili.

Wenye kulitetea wana hoja. Watu kumi wakinunua tikiti kumi za namba mbalimbali, nafasi yao ya kushinda huongezeka mara kumi, na kila mmoja hutoa bei ya tikiti moja tu. Tena mfano wanao. Tarehe 22 Desemba, 2011, wanakijiji wa Sodeto, huko Hispania, walishinda zawadi kuu ya bahati nasibu ya Krismasi. Chama cha akina mama wa kijiji ndicho kilichouza hisa za namba hiyo, na karibu kila nyumba ikapata fungu lake.

Lakini hesabu haina upendeleo. Nafasi ikiongezeka mara kumi, zawadi nayo hugawanywa mara kumi. Bahati nasibu hiyo ya Hispania ina namba 100,000, na ya zawadi kuu ni moja. Katika kila yuro 100 za tikiti, 70 tu ndizo zinazotengwa kwa zawadi. Kikundi hakiwezi kuigeuza hasara hiyo kuwa faida, huigawana tu.

Liko na jambo la hatari zaidi. Mtu achezaye peke yake aweza kuacha apendapo. Aliye katika kikundi huogopa kuacha, asije akabaki yeye tu siku wenzake watakapotajirika. Hivyo hutoa kwa hofu, si kwa hiari. Na pasipo maandishi, ushindi wenyewe huzaa kesi.

Basi rai yetu ni hii. Wanaotaka kucheza wacheze kwa kiasi, waandike majina ya waliochanga na namba za tikiti kabla ya kura kuchezeshwa, wala asilazimishwe mtu. Lakini wasiuite mchezo huo akiba. Shilingi itiwayo katika upatu humrudia mwenyewe kwa zamu. Iwekwayo katika chama cha kuweka na kukopa humpa mwanachama njia ya kukopa ada ya mwanawe au bati za nyumba yake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha ni matokeo ya maendeleo, si msingi wake. Msingi ni kazi. Ndugu wafanyakazi, umoja uwezao kuchangia bahati waweza pia kuchangia ushirika. Tuutumie huko.