Acha kuminya avokado za wenyewe

Wasee wa Nyeri, wacha niseme hii kitu hata kama mtanitusi: wengi wetu tumekulia chini ya miti ya avokado na bado hatujui kununua avokado.

Cheki watu kwa kibanda cha mama mboga. Mtu anaminya kumi na kidole gumba, anabeba moja, anaenda. Hizo tisa zingine zitakuwa na madoa meusi ndani, na hasara ni ya mama. Halafu hiyo moja ameichukua juu ni nyeusi. Nani alikuambia nyeusi ndio kuiva?

Nyeusi ni stori ya Hass. Hiyo ndio ile ya ngozi ngumu yenye vipele, imekaa kama yai. Ikiiva inatoka kijani inaenda zambarau, hadi karibu nyeusi. Fuerte ni ile ndefu ya shingo, ngozi laini, na inaiva ikiwa kijani vilevile. Ukingoja igeuke nyeusi utaikuta imeoza. Kienyeji nazo zimeota kwa mbegu, kwa hivyo kila mti una tabia yake. Hapo uliza tu mwenye kuuza.

Sasa, kuna maneno mawili tunachanganya sokoni: kukomaa na kuiva. Avokado inakomaa juu ya mti, lakini haiivi mpaka ichunwe. Kwa hivyo ngumu si shida. Ngumu iliyokomaa ifunge kwa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Ndizi inatoa gesi ya ethilini, na baada ya siku chache githeri yako iko sawa. Lakini changa hata uilalie haitaiva vizuri. Inanyauka, inakuwa kama mpira, ladha ni maji. Ukiipasua, ganda la mbegu bado ni jeupe na nene. Iliyokomaa, hilo ganda ni jembamba na la kahawia.

Changa hutoka wapi? Broka anaingia shambani mapema, mkulima anadaiwa karo, mti unafagiliwa wote. Ndio maana miaka ya hivi karibuni AFA imekuwa ikisimamisha kuuza avokado nje kwa meli mwisho wa mwaka ukikaribia, matunda machanga yasichunwe. Mnunuzi wa Ulaya analindwa. Wewe hapo Karatina unalindwa na nani?

Kwa maoni yangu, tuanze hivi. Uliza ni aina gani na ilichunwa lini. Ishike na kiganja, usidunge kidole. Afadhali hata umwambie, "Cucu, nataka ya kula leo," ama "ya Jumapili," akuchagulie. Anazijua kukuliko.

Na ukiuziwa changa, irudishe kwa heshima. Mama akianza kumrudishia broka, broka naye atajifunza kungoja mti.